Fumbo la neno la kila siku: achana na irabu, tafuta umbo

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi naweka fumbo jipya kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Mwanza. Neno ni moja, la Kiswahili, lina herufi tano, na mchezaji ana majaribio sita. Kila mtu ananitumia jaribio lake inboksi, namjibu kwa rangi: kijani, herufi ipo na imekaa mahali pake; njano, ipo ila si hapo; kijivu, haipo. Wachezaji ni walimu wenzangu, vijana wa bodaboda wa Buzuruga, wasafiri wa Nansio wanaocheza wakiwa melini, na wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba. Kwa kuwa majibu yote yanapita kwangu, nawaona wanapokwama. Wengi wanakwama kwa sababu wanacheza Kiswahili kwa mbinu za Kiingereza.

Mbinu hizo zimetoka kwenye Wordle, mchezo kama huu wa Kiingereza uliotungwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu mzaliwa wa Wales. Aliuweka wazi kwa umma Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Orodha yake ya kwanza ya majibu ilikuwa na maneno 2,300 na ushee. Mtandaoni utaambiwa uanze na ADIEU ili upime irabu nne kwa mkupuo, na wanaopiga hesabu kwa kompyuta watakuelekeza kwa SLATE au CRANE.

Hiyo ADIEU usiilete kwetu. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia na irabu, na A imejaa kila mahali. Kumwambia mchezaji kwamba neno lina A ni sawa na kumwambia mvuvi kwamba ziwa lina maji. Thamani ya jaribio inapimwa kwa namna linavyoyagawa maneno yaliyobaki. Likiyaacha karibu yote upande mmoja, halijakupa kitu. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon aliliwekea jambo hili hesabu zake mwaka 1948, ila huhitaji hesabu kuliona.

Kinachoyagawa maneno yetu vizuri ni konsonanti, pamoja na umbo. Maneno mengi ya herufi tano yameingia kwenye maumbo matano tu. La kwanza ni konsonanti mbili mwanzoni: mkono, mwalo, ngege, twiga. La pili linaanza na irabu: amani, usiku, elimu. La tatu lina konsonanti mbili katikati: kamba, tembo, kucha. La nne linafunga na irabu mbili: dagaa, kofia, barua. La tano irabu mbili zimekaa katikati: taifa, kauli, zaidi. Ukishajua umbo, umeshajua irabu zinakaa wapi, na swali linabaki ni irabu gani.

Ndiyo maana mimi nikicheza mafumbo ya wengine naanza na MKALI. M ya mwanzo inapima lile umbo la kwanza, ambalo limebeba majina mengi ya ngeli ya M. Kisha naweka PUNDE: herufi tano mpya, umbo jingine. Hapo nimepima irabu nne na konsonanti sita.

Tuchukue fumbo moja mpaka mwisho. MKALI imerudi na A ya njano, nyingine zote kijivu. PUNDE imerudi na N ya kijani katikati, nyingine kijivu. Irabu zilizobaki ni A na O tu, na A haiwezi kukaa katikati kwa sababu pana N. Yanakuja kichwani tanga, tango, songa, gonga, fanya, wanja, hata sanaa. Naweka TANGO: T kijivu, A, N na G kijani, O kijivu. Sasa nina _ANGA, na herufi ya kwanza ndiyo pekee inayokosekana.

Hapa ndipo watu wanapofia. Kwenye orodha yangu yamebaki manne: janga, wanga, ganga, nanga. Majaribio yamebaki matatu. Ukiyapiga moja baada ya jingine, unaweza kufika la sita na jibu likawa ndilo lile hukuliandika. Afadhali upoteze jaribio moja kwa neno unalojua kabisa kuwa si jibu: NJIWA. N ya mwanzo ikiwa kijani, jibu ni nanga. N ikiwa njano na J njano, ni janga. N njano na W njano, ni wanga. N njano peke yake bila J wala W, ni ganga. Jaribio moja limeyatenganisha yote manne, na la tano unaliandika ukiwa na uhakika. (Kwenye ile hali ngumu ya Wordle inayokulazimisha kutumia kila dokezo ulilopata, ujanja huu haukubaliki. Kwenye kundi langu hali ngumu haipo, na sina mpango wa kuileta.) Familia ya _AMBA nayo ina mtego uleule: kamba, namba, pamba, gamba, tamba. Ukiona kijani nne mapema, usishangilie bado.

Usiogope pia kurudia herufi. Mtoto, mdomo, bidii, ngege: Kiswahili kinarudia bila aibu. Irabu ikishatoka kijani, mgombea wa kwanza wa nafasi nyingine ya irabu ni yeye huyohuyo. Kuna mama mmoja anauza samaki Mwaloni, kila siku anaanza na DAGAA, A tatu kwa mpigo. Kwa hesabu ni jaribio baya. Siku jibu lilipokuwa sanaa, alilipata jaribio la pili, akaniandikia, "Mwalimu, biashara yangu inanilipa mpaka huku." Sikuwa na jibu.

Mengine kwa kifupi. C haisimami bila H, kwa hiyo CH inakula visanduku viwili na kukupa habari moja. Iache mpaka ikulazimu. L ikiwa kijivu, usiifukuze R pamoja nayo. Huku Usukumani zinapishana mdomoni, na naona watu wanazipishanisha hadi kwenye fumbo: L imekufa, na barua haiwajii kabisa. Mchunguze na mtunzi. Mimi siweki majina ya watu, wala maneno yenye NG' kwa sababu ya kile kialama, wala vitenzi vilivyonyambuliwa kupita kiasi.

Ila kuna neno moja lisiloingia kwenye umbo lolote kati ya yale matano: mchwa. Konsonanti nne, irabu moja mwishoni. Nilipoliweka, kundi zima lilininunia mpaka jioni, wakisema nimewaletea wadudu. Fumbo lilikuwa halali. Ukifika jaribio la nne, irabu nyingine zote zimekuwa kijivu, una A ya mwisho peke yake, na M imeshakuwa kijani mwanzoni, acha kutafuta A ya pili; weka W kabla ya hiyo ya mwisho uone kama itakaa.