Yai Bichi Haliifikii Sauti

Mwalimu wa shule ya msingi hapa Uganda, awe Arua au Busia, akipwelewa na sauti katikati ya muhula hakosi washauri. Mwenye duka atamwambia atafune tangawizi, mwenzake wa kwaya atamshauri anywe yai bichi, na mama mkwe atasema asali na ndimu. Sina ugomvi na asali, maana hulainisha koo linalowasha. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofika pale sauti inapotengenezwa. Chakula na kinywaji hupita nyuma, kwenye umio, yaani mrija wa chakula. Sauti huzaliwa mbele ya umio, ndani ya njia ya hewa, na kila unapomeza mwili huifunga njia hiyo. Siku yai litakapokosea njia likagusa nyuzi za sauti, utakohoa mpaka machozi yakutoke.

Weka kidole mbele ya shingo, umeze mate. Kile kitu kigumu kinachopanda na kushuka ni zoloto, nyumba ya gegedu inayohifadhi nyuzi mbili za sauti. Kila moja ni msuli uliovikwa utando laini wenye ute. Kwa mwanamume mzima zina urefu wa takriban milimita 17 hadi 25, na kwa mwanamke ni fupi kuliko hapo. Ukipumua, huachana. Ukitaka kusema, hukutana, na hewa itokayo mapafuni hubanwa chini yake hadi izisukume zifunguke. Hewa ikishachomoka, shinikizo hushuka, nyuzi hurudi kukutana, kisha husukumwa tena. Mtoto anayevuta mdomo wa puto lenye hewa mpaka likalia anafanya jambo hilohilo. Mwanamume anapoongea kawaida, mchezo huo hujirudia mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde. Mwanamke kama mara 200. Kichanga anayelia hupita 400.

Ubongo hauamuru kila pigo. Mwaka 1950 Mfaransa Raoul Husson alidai kwamba unaamuru, lakini hoja yake haikusimama. Kazi ya ubongo ni kupanga mkao: nyuzi zikutane kwa nguvu kiasi gani, zivutwe kiasi gani, pumzi itoke kwa kasi ipi. Nyuzi zikivutwa zikawa ndefu na nyembamba, sauti hupanda. Zikilegea, hushuka. Anayezungumza Luganda hufanya hesabu hiyo silabi kwa silabi, kwa kuwa ni lugha ya toni, ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na wala hajui kama anaifanya. Baada ya hapo koo, ulimi, midomo na pua huichonga ile sauti ghafi ikawa maneno.

Amri hizo hupita kwenye neva, na hapa ndipo sisi wa kliniki za masikio, pua na koo tunapokuna kichwa. Katika karne ya 2 tabibu Galen alikata neva za shingo za nguruwe aliyekuwa akipiga kelele mbele ya watazamaji, na mnyama akanyamaza papo hapo, ingawa bado alikuwa hai. Neva ya sauti ya upande wa kushoto ina safari ya ajabu: hushuka kutoka kichwani, huipita zoloto, huingia kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo ipande tena hadi kwenye zoloto. Njiani hupita nyuma ya tezi ya shingo. Kwa hiyo uvimbe kwenye pafu, rovu (yaani uvimbe wa tezi hiyo), au upasuaji wa rovu lenyewe unaweza kumwachia mtu sauti ya kukwaruza hata kama koo lake halina kidonda. Katika nchi yenye historia ndefu ya rovu milimani, kuanzia Kigezi hadi Elgon, hilo si jambo la vitabuni tu.

Kuna msimamizi mwingine wa sauti ambaye watu humsahau, nalo ni sikio. Tunajisikia na kujirekebisha wakati wote. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Kondakta wa taksi katika stendi za Kampala, mhubiri wa sokoni na mwalimu mwenye darasa lililofurika wote hubanwa na tabia hiyo. Nyuzi zikigongana kwa nguvu siku baada ya siku huvimba, na baadaye huota vinundu. Ushauri wangu kwa walimu huwa mwepesi kutamka na mgumu kufuata: piga makofi au kengele kwanza, subiri watulie, wasogelee, ndipo useme. Na ukishapwelewa, nyamaza. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika, na kule kujikohoza kila dakika ili kusafisha koo huzigonganisha nyuzi zilezile zinazouma.

Maji je? Yanasaidia, lakini kwa kupitia damu, kwa hiyo kikombe kimoja kabla ya kupanda jukwaani kimechelewa. Mvuke ndio unaofika moja kwa moja, kwa sababu unavutwa pamoja na hewa. Tahadhari na sufuria ya maji ya moto karibu na watoto.

Sauti iliyokauka kwa mafua hurudi yenyewe ndani ya siku chache. Ikipita wiki tatu, nenda ukapimwe, na usisubiri hata hizo tatu kama unavuta sigara, unakohoa damu, unapata shida kumeza au una uvimbe shingoni. Kifua kikuu na saratani huweza kuanza kwa dalili hiyo moja tu. Mtoto mwenye sauti iliyokauka na anayekoroma akivuta pumzi apelekwe siku hiyohiyo. Kipimo chenyewe hakitishi. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba Manuel García alitazama nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Kioo cha namna hiyo bado tunakitumia, au mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani, na shughuli yote huchukua dakika chache.