Namba 4,294,967,297 na kigawo chake 641

Namba 4,294,967,297 ni 2 kwa kipeo cha 32, ikiongezwa 1. Ina tarakimu kumi, ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa macho matupu mtu angeidhania kuwa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Ndivyo alivyodhani Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu. Mnamo mwaka 1640 alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16. Zote tano ni tasa, naye akaamini kwamba zitakazofuata zitakuwa hivyo hivyo, ingawa hakuwa na uthibitisho. Ya sita ndiyo hii yetu, na hapo imani yake ikavunjika: mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417.

Kuitafuta 641 kwa kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine ni kazi ya kuchosha. Baadaye Euler mwenyewe alithibitisha kanuni inayoipunguza sana: kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za namna hiyo huanza na 193, 257, 449, 577 na 641, hivyo jaribio la tano linatosha.

Kinachopendeza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba jambo hili laweza kuhakikishwa bila kugawanya kitu. Namba 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa kuwa 5 × 128 imepungukiwa na 1 tu kufikia 641, tunaweza kusema kwamba, ikigawanywa kwa 641, inabakiza hasi 1; tukiipandisha kwa kipeo cha 4, tunapata 625 × 2²⁸, ambayo inabakiza 1. Lakini 625 ni 641 toa 16, kwa hiyo mahali pake tunaweka hasi 16, yaani hasi 2⁴. Basi hasi 2³² inabakiza 1, na 2³² yenyewe inabakiza hasi 1. Ukiongeza 1, baki linaisha.

Namba hii haina kigawo inachoshirikiana na zile tano zilizoitangulia, isipokuwa 1. Zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu kwa 2 tu. Kwa hiyo kigawo cha pamoja kingelazimika kuigawa 2, na zote hizi ni witiri. Kwa sababu hiyo 257, katika orodha ya majaribio hapo juu, ingeweza kurukwa bila hofu.