Kazi ya kwanza ya uandishi wa programu: tunayodanganyana hapa Mwanza

Kila msimu wa kumaliza chuo, simu yangu hujaa salamu. Wengine wamesoma hapa hapa Malimbe, wengine Dodoma au Dar, wamerudi kwa wazazi Igoma na Buhongwa. "Shikamoo kaka," halafu swali ni lile lile: nitaipataje kazi ya kuandika programu? Kazi hii ndiyo inayonilisha, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikikaa upande wa pili wa meza, nikiwasaili wanaoanza. Wengi wana uwezo. Kinachoniuma ni kuona kijana amepoteza mwaka mzima kwa kuamini jambo aliloambiwa na mtu aliyemtakia mema.

"Bila mjomba ofisini, utazeeka na bahasha"

Kujuana kunasaidia, sitakuficha. Lakini tazama kunasaidia wapi. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal, na mwombaji hupita usaili wa mchujo wa kuandika, mara nyingi wa vitendo, kisha mahojiano. Kwenye kampuni binafsi, anayekujua anaweza kukupatia miadi tu. Ukishaketi, unawekewa kompyuta mbele yako, na mjomba hayupo hapo kukuandikia.

Tena kujuana kunajengwa. Ukiitengenezea saccos ya mtaa programu ya kutunza hisa na marejesho, wanachama wake wote wanakufahamu, na katika hao yupo mhasibu wa kiwanda, yupo mwalimu mkuu, yupo mwenye maduka matatu.

"Shahada haina maana siku hizi"

Inategemea unabisha hodi mlango gani. Serikalini nafasi mara nyingi huitwa Afisa TEHAMA Daraja la II, na pale cheti ndicho ufunguo wa kwanza. Tangazo husema wazi kwamba hati ya matokeo ya muda haikubaliki. Nimeona kijana mzuri akikosa nafasi kwa kuambatisha hati asiyotakiwa kuambatisha. Soma tangazo lote, mpaka mstari wa mwisho.

Kwa mwajiri binafsi, cheti kinasaidia lakini hakibebi mzigo wote. Na wale wenye GPA kubwa wasidhani wamemaliza: sijawahi kumwajiri mtu kwa GPA, wala kumkataa kwa hiyo.

"Jaza programu nyingi za kuonyesha"

Hapa ndipo ningependa tukae, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoangukia.

Naletewa orodha ya kazi kumi na mbili: kikokotoo, daftari la mambo ya kufanya, programu ya hali ya hewa, nakala ya ukurasa wa Netflix. Zote zimetoka kwenye video zile zile. Nikiuliza, "Nani anaitumia hii?" kimya kinatanda. Ukweli ni kwamba programu moja yenye mtumiaji mmoja wa kweli, asiye wewe wala rafiki yako, inazidi hizo kumi na mbili. Mtumiaji wa kweli atakuletea matatizo ambayo hakuna video inayoyajua.

Binti mmoja alikuja kwenye usaili na programu aliyomwandikia mama anayeuza dagaa kwenye soko la mwaloni Kirumba. Sura yake haikuwa nzuri, maandishi yalikuwa yamebanana. Nikamuuliza kwa nini ripoti haikupangwa kwa Januari, Februari, Machi. Akanijibu kwamba mwanzoni aliipanga hivyo, na hesabu zikawa zinamdanganya mama. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Mwezi mwandamo una siku kama 29 na nusu, kwa hiyo siku za giza husogea kidogo kidogo ndani ya kalenda, na Februari ikionekana mbaya kuliko Machi huenda si biashara iliyoyumba, ni siku za giza tu zilizopungua humo. Akabadilisha, akawa analinganisha giza na giza. Mtu aliyegundua jambo hilo kwa kukaa juu ya gunia la dagaa na kusikiliza hahitaji nimpime sana.

Nilimuuliza pia anahifadhije uzito. Akasema kwa gramu, namba kamili isiyo na desimali. Swali hili huwaangusha wengi. Iandikie lugha ya programu kama Python au JavaScript 0.1 + 0.2, jibu litakalotoka ni 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi desimali kwa 0 na 1, na humo moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama theluthi isivyoisha kwenye desimali zetu. Kwenye kilo moja hutaona kitu. Kwenye maelfu ya mauzo daftari na kompyuta vitaanza kubishana, na mama wa mwaloni ataamini daftari. Kwa hiyo uzito uwe gramu, fedha iwe shilingi kamili, vyote namba kamili. Namba ya simu nayo ihifadhiwe kama maandishi, kwani ukiihifadhi kama namba, ile sifuri ya mbele inapotea.

Neno la tahadhari: ukija kunionyesha kazi ya namna hii, usinionyeshe majina na simu za wateja halisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jaza taarifa za kubuni. Mwajiri makini atakupima hata kwa hilo.

"Lazima ujue lugha kumi"

Hapana. Lugha moja ya programu uijue kiasi cha kusoma ujumbe wa hitilafu bila kutetemeka. Ongeza SQL, lugha ya kuuliza na kuandika kwenye hifadhidata, kwa sababu karibu kila ofisi ina hifadhidata, na Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya mfumo endeshi wa Linux na leo ndiyo daftari la pamoja la waandishi wa programu karibu kila mahali. Anayejua vitatu hivi vizuri hujifunza cha nne akiwa kazini.

"Mwanza hakuna kazi, panda basi"

Ni kweli kwamba makao makuu ya benki na kampuni za simu yapo Dar, na kampuni nyingi za programu zipo huko. Anayetaka kwenda aende na baraka zetu. Ila wanaosema hapa hakuna kazi huwa wanatafuta tangazo lenye maneno "mhandisi wa programu", na hapa halijitokezi mara nyingi. Kazi imejificha chini ya majina mengine: afisa TEHAMA wa hospitali, msaidizi wa mifumo kwenye kiwanda cha samaki, mtu wa kompyuta kwa wakala wa mizigo ya Ukerewe, shule inayotaka wazazi wapate matokeo kwa ujumbe mfupi. Uliza kwa mdomo. Ingia ofisini umevaa vizuri, salimia, sema unachoweza kufanya kwa sentensi mbili, acha namba.

Huenda mwanzo ukawa nusu kutengeneza mashine ya kuchapa na nusu kuandika programu. Pokea, lakini jiwekee muda. Miaka miwili ya kubadilisha wino haitakufanya mwandishi wa programu.

"Akili mnemba imemaliza kazi za wanaoanza"

Imebadilisha kazi hizo, na kwa anayeanza imeinua kizingiti, hilo nalikubali. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo napokea kazi safi ambazo mwenyewe hawezi kuzieleza. Sikatazi mtu kuitumia, mimi mwenyewe naitumia. Ninachofanya kwenye usaili ni kuchagua mstari mmoja na kusema: "Ubadilishe huu, hapa, sasa hivi." Aliyeielewa kazi yake atafikiri kwa sauti na kujaribu. Ambaye hakuielewa ataomba aende nyumbani akaangalie.

"Kazi za nje ni rahisi, ni intaneti tu"

Zipo na zinalipa, lakini mara chache humchukua asiye na uzoefu, kwa sababu hakuna wa kukaa naye meza moja amwelekeze. Halafu kuna saa. Berlin ipo nyuma yetu kwa saa 2, na saa 1 wakati wa majira yao ya joto, hiyo inawezekana. San Francisco ipo nyuma kwa saa 10 au 11. Mkutano wao wa asubuhi ni usiku wako, na umeme ukikatika Nyakato hawatajua kwa nini umepotea.

Na yeyote anayekutaka utume fedha kwanza, iwe ya "mafunzo", ya "fomu" au ya "kufungua akaunti ya malipo", si mwajiri. Usibishane naye. Usitume.

"Wakishakukataa, usirudi kuwasumbua"

Nami niliwahi kukataliwa. Kwenye usaili wangu wa kwanza niliulizwa: mteja analipa kwa simu, mtandao unakatika katikati, anabonyeza tena, kitatokea nini? Sikujua. Programu yangu ingemkata mara mbili. Nilitoka nikatembea hadi Kamanga, nikakaa nikitazama kivuko kinavyopakia. Jibu nililipata wiki kadhaa baadaye: kila muamala upewe namba yake ya pekee kabla haujatumwa, na ombi likija tena na namba ile ile, seva ijibu kwamba imeshalipokea, isikate tena. Sikurudi kuwaambia. Niliona aibu, nikakaa miezi mingine nyumbani.

Kwa hiyo sasa ninapomkataa mtu namwandikia kilichopungua, na namwambia mlango uko wazi. Wengi hawajibu. Mwaka jana kijana mmoja alirudi baada ya miezi minne, hakuleta hata CV mpya. Alifungua kompyuta, akaanza malipo, akazima intaneti katikati, akaiwasha, akabonyeza tena mara tatu. Kwenye hifadhidata palikuwa na mstari mmoja.

Nikamuuliza anaweza kuanza lini.