Kabla Hujapokea Kontena la Kompyuta za Msaada

Kwa miezi kadhaa sasa malalamiko yanayofika ofisini kwetu hapa Tanzania yana sura moja. Mwalimu mkuu anaandika kwamba marafiki wa shule walioko Ulaya wametuma kompyuta, mzigo umefika bandarini na hautoki. Parokia au msikiti unauliza kwa nini vifaa vilivyotolewa bure vinadaiwa vyeti. Ndugu zetu walioko ughaibuni, waliochangishana mwaka mzima kwa ajili ya shule walizosoma, wanatuambia kwa uchungu kwamba Serikali inahubiri TEHAMA huku inaizuia mlangoni.

Nami ni miongoni mwa wanaosoma nyaraka za mizigo hiyo. Makala haya ni ya kuelimisha, hayachukui nafasi ya sheria wala kanuni, na mzigo wowote utaamuliwa kwa nyaraka zake wenyewe.

Hatuna shaka na nia ya watumaji. Kwa takwimu za Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) za mwaka 2024, watu bilioni 2.6 walikuwa bado hawatumii intaneti, na barani Afrika waliokuwa wakiitumia ni asilimia 38 tu. Zipo shule ambako mwalimu huchora kibodi ubaoni na wanafunzi hujifunza kuchapa kwa kugusa chaki. Kompyuta iliyotumika ofisini Ulaya kwa miaka minne, ikapimwa, ikafutwa data na kuletwa huku, inaweza kumtumikia mtoto miaka mingine mitano. Huo ni ushirikiano wa kimataifa unaoshikika mkononi, na tunautaka.

Tatizo ni mzigo mwingine unaosafiri kwa jina hilo hilo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mtu mmoja Ulaya alizalisha wastani wa kilo 17.6, Afrika kilo 2.5. Kuharibu kifaa chakavu kwa njia salama kunagharimu fedha katika nchi zilizoendelea, na nafasi ndani ya kontena inagharimu pungufu ya hapo. Wapo wanaotuma kwa kujua. Wengine, na nadhani ndio wengi, hawajui: kampuni inasafisha stoo, mfanyakazi mwenye moyo mwema anasema vipelekwe Afrika, na hakuna anayeviwasha hata kimoja.

Kontena moja nililoshiriki kulikagua lilikuwa limeandikwa kuwa ni kompyuta za shule. Karibu na mlango zilipangwa kompyuta mpakato safi, zimefungwa vizuri. Nyuma yake kulikuwa na skrini za chogo (zile nene za kizamani), printa zisizo na waya za umeme, na kompyuta za mezani zilizonyofolewa diski. Tuliziwasha moja moja kwa siku mbili. Mwalimu aliyekuja kupokea mzigo alikaa pembeni na daftari alimokuwa amekwisha kupanga zamu za wanafunzi, darasa kwa darasa. Daftari lile sijalisahau, na ndilo linalonisukuma kuandika.

Sasa kilichobadilika. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi na nchi ulikuwa na upenyo: taka za kielektroniki zilizohesabiwa kuwa si hatarishi zilivuka mipaka bila taarifa. Ghana na Uswisi ndizo zilizopendekeza upenyo huo uzibwe, nchi wanachama zikakubaliana Juni 2022, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, hatarishi na zisizo hatarishi, zinahitaji ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea kabla hazijaondoka zilikotoka. Katika nyaraka mtaziona kwa alama mbili: A1181 ni za hatarishi, Y49 ni zisizo hatarishi. Tunasikia ikisemwa kwamba Tanzania imetunga sheria ya kuzuia misaada. Sivyo. Haya ni makubaliano ya dunia, na yaliyopendekezwa na nchi ya Kiafrika iliyokwisha kuonja madhara: katika eneo la vyuma chakavu la Agbogbloshie, pale Accra, vijana walichoma nyaya kwa miaka mingi ili kupata shaba.

Kifaa kilichotumika si taka kwa sababu tu kimetumika. Hili limeandikwa na kusemwa mara nyingi, lakini bado mawakala wa forodha wanawaambia wateja wao kwamba kompyuta zilizotumika zimepigwa marufuku. Kinachoamua ni kama kifaa kinafanya kazi, kimethibitishwa hivyo, na kinakwenda kutumika moja kwa moja. Vilevile kutolewa bure hakubadilishi hali ya kifaa. Ubovu hauondolewi na barua ya zawadi.

Sehemu inayofuata ni ndefu. Naomba isomwe yote, kwani barua nyingi tunazojibu zisingeandikwa kama ingesomwa.

Vifaa vinavyofanya kazi vinapaswa kusafiri na uthibitisho wa kila kimoja. Sheria za Umoja wa Ulaya zenyewe zinamtaka mtumaji awe nao kabla ya kusafirisha, kwa hiyo mfadhili aliyeko Ulaya akikwambia kwamba hajawahi kuusikia, mwelekeze kwa mamlaka ya nchi yake. Uthibitisho huo unataja jina la kifaa, namba yake ya utambulisho, mwaka kilipotengenezwa kama unajulikana, jina na anwani ya aliyekipima, aina ya kipimo na matokeo yake. Unaambatana na ankara au mkataba wa kukabidhi umiliki unaosema wazi kwamba vifaa ni vizima na vinakwenda kutumika, pamoja na tamko la mtumaji kwamba hakuna taka ndani ya shehena. Ufungaji nao ni ushahidi. Kompyuta zilizorundikwa bila kinga, skrini juu ya skrini, humwonyesha mkaguzi kwamba aliyezituma hakutarajia ziwashwe tena. Orodha inayosema tu "kompyuta zilizotumika, vipande 300" haitoshi, na haijawahi kutosha.

Vifaa vibovu njia yake ni nyingine kabisa. Mamlaka ya nchi vinakotoka huiarifu kwa maandishi mamlaka ya nchi vinakokwenda, na nchi zote vitakamopita. Nchi inayopokea inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, kukataa, au kutaka maelezo zaidi. Lazima uwepo mkataba kati ya msafirishaji na atakayeshughulikia taka hizo, unaoonyesha zitashughulikiwaje bila kudhuru mazingira, na iwepo bima au dhamana ya fedha pale nchi husika zinapoitaka. Hati ya usafirishaji hutembea na mzigo tangu safari inapoanza, kila anayeupokea njiani anatia saini, na mwishoni msafirishaji na mamlaka ya nchi yake hupewa taarifa kwamba kazi imekamilika. Ridhaa hii hutolewa na mamlaka ya nchi. Barua ya shule yenye mhuri wa mwalimu mkuu si ridhaa, wala ya mwenyekiti wa kijiji, wala ya mheshimiwa yeyote. Tumezipokea zote hizo.

Kwa taka hatarishi kutoka nje ya Afrika hakuna hata ridhaa ya kuomba. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao nchi za Kiafrika ziliuandika baada ya mapipa ya sumu kutoka Italia kugunduliwa mwaka 1988 katika mji mdogo wa bandari wa Koko, Nigeria. Chini ya mkataba huo, kuingiza taka hatarishi barani Afrika kutoka nje ya bara ni kosa la jinai. Skrini ya chogo iliyokufa inaangukia humo, kwa sababu kioo chake kina madini ya risasi. Skrini bapa za kizazi cha kwanza nyingi zina taa zenye zebaki. Msaada wa namna hiyo hauna mlango wa kuingilia.

Ndugu zetu walioko Marekani wanahitaji tahadhari ya ziada. Marekani ilitia saini Mkataba wa Basel mwaka 1990 lakini haijauridhia hadi leo, na nchi mwanachama hairuhusiwi kupokea taka zinazosimamiwa na mkataba kutoka nchi isiyo mwanachama pasipo makubaliano maalumu. Kwa hiyo kompyuta nzima zilizopimwa zinaweza kutoka huko. Zile za "tutazitengeneza zikifika" ziacheni. Hata kwa mizigo ya nchi nyingine, vifaa vinavyokuja kwa ajili ya matengenezo si jambo la kukisia, ulizeni kwanza.

Kuhusu adhabu, wengi hudhani kitakachotokea ni faini ndogo, kisha mzigo utoke. Usafirishaji uliofanyika bila taarifa, bila ridhaa, au kwa nyaraka zisizolingana na kilichomo ni usafirishaji haramu. Kosa likiwa la mtumaji, nchi yake inatakiwa kuhakikisha mzigo unarudishwa ndani ya siku 30 tangu ilipoarifiwa, au muda mwingine ambao nchi zitakubaliana. Likiwa la mpokeaji, wajibu wa kuuteketeza kwa njia salama unamwangukia mpokeaji. Someni tena sentensi hiyo, wakuu wa shule. Jina lililoandikwa kwenye hati ya shehena kama mpokeaji ndilo tutakaloanza nalo, hata kama hamkuchagua hata kifaa kimoja kati ya vilivyomo. Juu ya hapo kuna mashitaka chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021. Na muda wote huo gharama za kuhifadhi mzigo bandarini na za kuchelewesha kontena la watu zinahesabiwa kila siku. Ofisi yetu haina mamlaka ya kuzifuta.

Wengine wanaamini kwamba chanzo cha yote ni kodi. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zinatozwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Tozo nyingine zina hesabu zake na wahusika wake, lakini mzigo uliozuiwa kwa sababu ya taka hautoki kwa kulipa kodi.

Kuna wimbi linalokuja ambalo halina budi kusemwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Makampuni ya nje yanaziondoa, na zitatolewa kama msaada kwa wingi. Hizo si taka. Kompyuta ya namna hiyo ikiwekwa mfumo huria kama Linux inafundishia vizuri kabisa. Ila ikifika bila mfumo unaopata masasisho ya usalama, na shule haina mtu wa kuuweka, itakaa stoo mpaka iwe taka. Mtumaji aulizwe mapema: itakuja na mfumo gani, na nani ameuweka?

Swali jingine la kumuuliza halipendezi, lakini ndilo lenye uzito kwangu kuliko yote: kompyuta hii ikifa, nani ataichukua? Kenya walijifunza hili kwa vitendo. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kusambaza kompyuta zilizotumika mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zilipoanza kufa, kazi hiyo hiyo ikazaa kituo cha kurejeleza taka, WEEE Centre, Nairobi. Rwanda wana kiwanda chao Bugesera. Mfadhili anayechangia kompyuta 100 pamoja na fedha za kuzikusanya na kuzipeleka kwa mrejelezaji mwenye kibali baada ya miaka mitano ametusaidia zaidi ya yule anayeleta 300 na kuaga.

Mafundi wetu wa mitaani msiwaogope, na sisi hatuwapigi vita. Fundi anayehamisha kadi ya kumbukumbu (RAM) kutoka kompyuta iliyokufa kwenda iliyo hai anaongeza umri wa kifaa, na nchi hii inamhitaji. Tunachokikataza ni kuchoma nyaya kwa ajili ya shaba, kuchovya bodi kwenye asidi, na kupasua vioo vya chogo. Moshi ule unavutwa na mtoto wa jirani. Kwa hiyo kompyuta zilizokufa shuleni zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mizani. Na kwa shule za umma hilo lina kosa la pili, kwa kuwa ni mali ya umma na kuifuta kwenye daftari la mali kuna utaratibu wake.

Aliyeahidiwa msaada aombe kwa mtumaji orodha ya vifaa pamoja na uthibitisho wa vipimo kabla kontena halijapigwa lakiri, aiwasilishe kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), au kwa mamlaka ya mazingira ya Zanzibar (ZEMA) kama mzigo utashukia huko, na asubiri jibu la maandishi. Jibu la simu lisitumike kama ruhusa. Orodha iwe ya kifaa kimoja kimoja, kwa namba zake. Zikiwemo skrini za chogo, mwambieni mtumaji azitoe sasa, wakati kontena bado liko kwake.