Mwendo Uliopotea Ndani ya Mawingu

Jioni ya Agosti 23, 2013, helikopta aina ya Super Puma ilikuwa ikirudi kutoka mtambo wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini na watu 18, ikielekea uwanja wa Sumburgh, visiwa vya Shetland, Scotland. Mawingu yalikuwa yametanda chini, kwa hiyo marubani walishuka kwa kutegemea vyombo. Hapo huoni nje. Unaamini vipimo vilivyo mbele yako.

Otopailoti, yaani mfumo unaoongoza chombo wenyewe, ilishikilia kasi ya kushuka tu. Mwendo wa kwenda mbele ulibaki mikononi mwa rubani, aulinde kwa kuongeza nguvu ya injini. Nguvu haikutosha, otopailoti ikawa inainua pua kidogo kidogo ili chombo kisishuke haraka. Ni kama gari linalopanda mlima dereva hajakanyaga mafuta. Mwendo uliopangwa kuwa kama kilomita 150 kwa saa ukaporomoka hadi chini ya 60. Kipimo kilikuwa kinaonyesha yote hayo, lakini hakikufuatiliwa ipasavyo, na ndivyo walivyohitimisha wachunguzi wa Uingereza. Marubani walipozinduka, kimo cha kujinusuru hakikuwepo. Helikopta ilipiga maji, ikapinduka. Abiria 4 walifariki.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaofundisha usalama wa anga hatuachi kulirudia. Abiria wale walivalishwa kifaa cha kupumulia chenye hewa yake ndani, lakini maelezo ya kabla ya safari hayakuliweka hilo wazi. Mtu aliye kichwa chini ndani ya maji ya baridi hana nafasi ya kubahatisha.

Hapa Dar es Salaam, kila siku ndege ndogo zinavuka bahari kwenda Zanzibar. Mhudumu au rubani anaeleza boya la kuvaa, nusu ya abiria wako kwenye simu. Naomba tuache. Novemba 6, 2022 ndege iliyotoka hapa hapa iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, watu 19 wakafariki.

Ukikaa, hesabu kwa mkono viti vilivyopo hadi mlango wa dharura, maana ndani ya maji utapapasa tu. Boya livae, lakini usilijaze upepo ukiwa ndani: litakuinua hadi darini na mlango utabaki chini yako. Komoro, mwaka 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoangukia baharini, wengi walinaswa hivyo. Na kama hujaelewa maelezo, nyoosha mkono uulize kabla injini haijawashwa.