Maji Hayajui Kilichomo Ndani ya Kitu

Wiki hii nimesahihisha tena madaftari ambamo, kwa swali la kwa nini jiwe huzama na ubao huelea, wengi wameandika kwamba jiwe ni zito. Wachache wameandika neno moja tu, densiti (masi iliyomo katika kila kipimo cha ujazo), wakaweka nukta. Kosa la kwanza halinisumbui sana, maana gogo linaloelea na msumari unaozama hulimaliza kwa dakika moja. Linalonikera ni jibu la pili, kwa sababu linatosha kubashiri kitakachotokea bila kueleza kinachokisababisha. Densiti haisukumi kitu.

Kinachosukuma ni kanieneo, yaani nguvu inayokandamiza kila kipimo cha eneo. Huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa kuwa maji ya chini hubeba uzito wa yaliyo juu yake, na katika kila kina husukuma pande zote. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 10, uuzamishe mpaka uso wake wa juu uwe kwenye kina cha sentimita 20 na wa chini kwenye kina cha sentimita 30. Tukikadiria uvutano kuwa niutoni 10 kwa kilo (niutoni ni kipimo cha nguvu), na tukiiacha kando kanieneo ya hewa, ambayo huongezeka sawasawa juu na chini, maji yanausukuma uso wa juu kwenda chini kwa niutoni 20 na uso wa chini kwenda juu kwa niutoni 30, huku misukumo ya ubavuni ikibatilishana. Zinabaki niutoni 10 za kwenda juu, ambazo ni uzito wa lita moja ya maji, yaani ya maji yale yale yaliyoupisha mchemraba. Kanuni ya Archimedes, kwamba maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyokipisha, imepatikana hapo bila kukaririwa.

Sijasema mchemraba huo ni wa nini, na sikuhitaji kusema. Ukiwa wa chuma, una uzito wa takriban niutoni 79, kwa hiyo utazama. Ukiwa wa ubao wenye densiti ya kilo 600 kwa mita ya ujazo, una niutoni 6, nao utapanda mpaka zibaki sentimita 6 tu ndani ya maji. Maji hugusa uso wa kitu, hayafiki ndani yake. Ndiyo maana bonge la udongo wa kufinyangia huzama, na bonge hilo hilo likifinyangwa kuwa bakuli huelea, ingawa densiti ya udongo wenyewe ni ile ile: bakuli limesukuma kando maji mengi zaidi.

Wanafunzi wenye bidii hukwama mahali pengine. Wakishaelewa kwamba kanieneo hukua na kina, huamini kwamba msukumo wa kwenda juu nao hukua. Upeleke mchemraba hadi uso wake wa juu uwe kwenye kina cha mita 10: juu kuna niutoni 1,000, chini 1,010, na tofauti ni 10 kama mwanzo. Siwaombi waniamini. Tunaning'iniza jiwe la gramu 500 lenye ujazo wa sentimita za ujazo 200 kwenye mizani ya springi na kulishusha polepole. Mshale unatoka niutoni 5, unapungua jiwe linapoendelea kuingia, unafika 3 maji yanapolifunika, kisha hausogei tena hata tukiendelea kulishusha. Katika utulivu huo wa mshale ndipo ninapowaona wakianza kufikiri.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita kimya. Kitu kikigandamana na sakafu ya chombo kiasi kwamba maji hayapiti chini yake, hakuna maji ya kukisukuma juu, nayo yaliyo juu yake yanakikandamiza tu, hata kama ni chepesi kuliko maji. Kanuni, jinsi inavyoandikwa ubaoni, haitumiki hapo. Nimesita kwa miaka mingi kama niliseme hili katika somo la kwanza. Nililisema mapema mwaka mmoja, na baadhi yao wakaondoka wakidhani kanuni yenyewe ni ya kubahatisha. Nililificha mwaka uliofuata, na mwanafunzi mmoja akaniuliza mwenyewe mbele ya darasa. Kwa sasa nalisubirisha hadi washike mizani kwa mikono yao.