Mafuriko yakimkuta aliyekuwa akipigwa nyumbani: maswali na majibu

Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipofurisha Mombasa, watu walitoka na walichoweza kujitwika: godoro, jiko, beseni la nguo. Hapa kwetu anayehamishwa na maji huanza kwa jamaa, kwa dada au shangazi, na akikosa nafasi ndipo huenda darasani au madrasa. Majibu haya ni ya hao wanaofungua mlango, na ya mwenyewe aliyekimbia.

Ni mafuriko yanayomfanya mtu ampige mkewe?

Hapana. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022, asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Kipigo kilikuwapo kabla ya maji. Kinachobebwa na maji ni vile alivyokuwa akijiokolea navyo: jirani wa kumkimbilia usiku, akiba aliyoificha chini ya kabati, simu, kitambulisho. Na yupo aliyekwisha kuachana na mume, akapanga chumba mbali, halafu mvua ikawaleta wote wawili kwenye foleni moja ya unga.

Tunahifadhi familia kwenye madrasa. Nitamjuaje mwenye shida hii, na nimuulize vipi?

Usimtafute kwa kutangaza. Anayesimama mlangoni akaita, "Kina mama mnaopigwa na waume njooni huku," amewafunga midomo wote.

Anza na daftari la kuandikisha. Mara nyingi huandikwa jina la baba, kisha "mke na watoto watatu", basi. Kuanzia hapo unga, blanketi na pesa za msaada vinapita mikononi mwa mwanamume, na mke hana njia ya kuondoka bila kuacha chakula cha watoto. Mwandikishe kila mtu mzima kwa jina lake, na anayetaka kadi yake mwenyewe ya kupokelea msaada apewe bila kuhojiwa sababu. Daftari lenyewe lisiachwe mezani wazi. Mtu anayemtafuta mkewe atalifunua kabla hajauliza chochote.

Halafu choo. Kama hakina komeo wala taa, wanawake hawataenda usiku, au wataenda kwa hofu. Komeo ni bei ndogo kuliko mkutano wowote wa uhamasishaji.

Ukiwa na wasiwasi na mtu, mpe kisingizio cha kutoka mkiwa wawili tu, kama kuteka maji au kupeleka mtoto kliniki, umwambie: "Dada, ukiwa na jambo la nyumbani linalokutia hofu, mimi nasikiliza, na haliendi kwa mtu." Akinyamaza, mwache. Amejua mlango uko wapi. Usiulize mbele ya mtoto anayeweza kusema, hata akiwa na miaka mitatu, maana atayarudia yote kwa baba yake.

Amepigwa jana usiku. Aende polisi kwanza ndipo hospitali imhudumie?

Matibabu ni kwanza, karatasi baadaye. Fomu ya P3, inayoandikwa majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa polisi na kujazwa na mhudumu wa afya, lakini haipaswi kumzuia mtu kutibiwa.

Zipo dalili ambazo hazingojei kupambazuke. Aliyekabwa koo apelekwe hospitali hata kama shingo haina alama. Sauti ikikauka, akimeza kwa shida, akiwa na vidoti vyekundu machoni, au akisema giza lilimwingia kidogo au alijikojolea bila kujua, hiyo ni dharura. Mshipa wa shingo ulioumia unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasema amepona. Hili nalisisitiza kwa sababu kukabwa huonekana kitu kidogo kando ya jicho lililovimba, na ndiko kunakoua.

Mjamzito aliyepigwa au kusukumwa akaangukia tumbo naye aende, hata mtoto akiwa bado anacheza. Kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikabaki ndani. Aliyepigwa kichwani akianza kutapika, kusinzia ovyo au kuongea mambo yasiyoeleweka, asiachwe alale "apumzike".

Kidonda kilichoingiwa na maji ya mafuriko kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, na aulizie chanjo ya pepopunda.

Na kama amebakwa?

Saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ina faida. Humezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini mapema ni bora. Atapewa pia kinga ya magonjwa ya zinaa na, ikihitajika, chanjo ya homa ya ini aina ya B. Akipita muda huo bado aende, kwa kuwa tiba nyingine zipo.

Asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia, na nguo zisifuliwe. Zifungwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ikiwa ameshaoga, au mvua imemlowesha chapachapa, hilo lisimrudishe nyuma.

Hospitali ya Coast General, ambayo wenyeji huiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia manusura wa ukatili huu. Huko hujazwa fomu maalumu ya matibabu baada ya ubakaji, na matibabu hayo katika hospitali ya umma ni bure. Aliye Likoni au Changamwe na hawezi kuvuka mara moja aanzie hospitali ya serikali iliyo karibu. Usafiri ukimshinda, apige 1195. Ni simu ya bure ya kitaifa kwa mambo haya, usiku na mchana.

Siku 28 za vidonge ndani ya darasa la watu wengi ni kazi. Mwenyeji anaweza kumtunzia dawa na kumwita kila jioni kwa kisingizio cha kusaidia jikoni.

Dawa zake za ARV, za kudhibiti HIV, zimesombwa na maji. Anaona haya kusema.

Aende kituo chochote cha umma kinachotoa ARV, ataje kliniki yake ya awali. Asingoje kadi ya kliniki ipatikane. Vivyo hivyo kwa dawa za presha, sukari na vidonge vya uzazi wa mpango.

Mzee wa mtaa anataka kuwakalisha wasuluhishwe. Si vizuri?

Kwa ugomvi wa ukuta au mbuzi, sawa. Kumkalisha mtu aliyekabwa koo mbele ya aliyemkaba, kisha wote warudi kulala chumba kimoja, ni kumwongezea hatari. Ubakaji ni jinai, na haumalizwi barazani kwa mbuzi wala kwa samahani.

Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamruhusu kuomba mahakamani amri ya ulinzi, inayoweza kumkataza mume kumkaribia au hata kumtoa nyumbani. Sheria hiyo inahesabu pia kunyimwa matumizi, kufuatwafuatwa na kutukanwa. Na haiwahusu waliooana peke yao: aliyeachika yumo, mchumba yumo, na mwanamume anayepigwa nyumbani kwake yumo, na wahudumu wasimcheke. Kesi za ukatili wa kingono na kijinsia zina mahakama yake maalumu Shanzu, Mombasa, tangu 2022.

Usiku mvua ikigonga mabati anaruka, halali. Ana wazimu?

La. Mwili wake umefundishwa hofu mbili, ya maji na ya mtu, na bado unakesha. Mpe mahali pa kulala karibu na mlango au ukutani, popote anapoona kila anayeingia. Usimlazimishe kusimulia. Ikipita mwezi hali haijatulia, au akisema afadhali afe, aonane na mshauri nasaha, na katika hilo la pili ni siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Watoto nao huonyesha kwa mwili: kukojoa kitandani tena, kung'ang'ania leso ya mama. Simu yao ya bure ni 116.

Maji yamekauka, anataka kurudi kwake. Nimzuie?

Huwezi, na ukimgombeza hatakuja tena siku nyingine. Muulize anarudi kwa nani na nani ana ufunguo wa pili. Kama mume alishatoka, abadilishe kufuli kabla ya kurudisha vyombo. Abadilishe namba ya siri ya M-Pesa, na laini iliyosajiliwa kwa jina la mume aiache. Nakala ya kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za hospitali zibaki kwako, ndani ya mfuko usioingia maji, mahali ambapo watoto wako pia hawajui.